Upande Wake wa Sinia

Sogea kidogo unisikilize, maana sauti yangu si ya kupaza tena, na jambo lenyewe si la kupazwa. Nataka kukueleza jinsi mtoto anavyoweza kukaa na njaa mbele ya chakula, ndani ya nyumba ya watu wanaompenda, na mtu asijue. Huenda nawe una mtoto kwako anayekataa kula. Kama unaye, usione haya. Wengi tumepata kulea mtoto wa namna hiyo, na wengine wetu ndio tuliokuwa watoto wenyewe. Nitakwenda polepole, na penye neno la kueleza nitalieleza.

Ilikuwa miaka ya vita, vile vita vya pili vya dunia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikiishi na nyanya yangu, mama wa mama, katika nyumba ya Mji wa Kale, vichochoro vichache kutoka Ngome, ambayo siku hizo ilikuwa jela. Mama yangu alikuwa na watoto wengi, akanitoa mimi nikakae kwa nyanya nimfae. Ndiyo iliyokuwa desturi: mwanamke mtu mzima haachwi peke yake, hupewa mjukuu wa kike awe macho yake na miguu yake. Kwa nyanya, hilo la macho lilikuwa kweli hasa. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia liliona mwangaza wa mlango na rangi ya nguo, basi.

Mwaka huo mama yangu mdogo, binti wa mwisho wa nyanya, alifariki kwa homa. Aliacha mtoto mmoja wa kike wa miaka mitano. Baba wa mtoto alikuwa mtu wa ng'ambo, upande wa Likoni, kuli wa bandari ya Kilindini. Meli za vita zilikuwa haziishi, na makuli walipakua mchana na usiku kwa zamu. Asingeweza kulea mtoto. Basi baada ya arubaini alimleta kwetu, na nguo zake zimefungwa kwenye leso, yaani kanga, ya mama yake.

Mtoto hakulia sana. Nakwambia hili kwa sababu watu hutazamia kilio, na kilio kisipokuja huona mambo ni shwari. Alicheza na vigae kizingitini, aliitika akiitwa, alilala mapema. Ila hakula.

Na chakula chenyewe, ukweli usemwe, kilikuwa kigumu kupendeka. Sisi tulikuwa watu wa wali. Wakati wa vita mchele uliadimika, tukawa twapanga foleni kwa unga wa mahindi ya manjano, uliokuja kutoka mbali ukiwa na harufu ya gunia. Sima yake ilikuwa ya manjano kama unga wa bizari, lakini mdomoni ilikwaruza, na ikipoa ilikuwa ngumu kama sabuni. Mimi pia niliikataa siku za mwanzo. Nilitema tonge mbele ya nyanya, naye akaniambia, "Tema tu, mwanangu. Kesho utaila." Kesho yake niliila. Njaa ilinifundisha. Yule mdogo njaa haikumfundisha kitu. Alifumba mdomo, akatazama pembeni, akangoja chakula kiondolewe.

Ijumaa ya pili baba yake alikuja baada ya sala. Alikaa ukumbini, karibu na mlango, kwa vile mkwe haingii ndani, na nyanya alikaa nyuma ya pazia la chumba wakazungumza hivyo. Alimpakata mwanawe, akaushika mkono wake kwa vidole viwili kama mtu anayepima uzi.

"Mama," alisema, "huyu anakula?"

"Bado hajazoea, baba. Msiba ni mpya."

"Alikuwa na mwili."

"Nami nalijua hilo. Nilimpokea mimi alipozaliwa."

Alikuwa mtu mpole, wala sikupata kumsikia akipandisha sauti. "Dada yangu yuko Majengo. Yeye ataka kumchukua tangu siku ya kwanza. Mimi nikasema la, akae kwa nyanya yake, ndiko kwao. Lakini mama, mwezi huu ukiisha, ukiandama mwingine, nikimkuta amerudi mwilini, atakaa kwako mpaka aolewe. Nikimkuta hivi, nitampeleka Majengo. Unisamehe."

Alipokwisha ondoka nyanya alikaa pale pale nyuma ya pazia muda mrefu. Kisha akaniita. "Umesikia?"

"Nimesikia, Nyanya."

"Mwezi mmoja." Alipapasa mkeka mpaka akaipata leso ya binti yake, ambayo alikuwa haiachi mbali. "Huyu ndiye niliyebakishiwa. Akienda, nyumba hii haitamjua tena."

Ndipo alipofikiria vipopoo.

Kama huvijui nikueleze. Vipopoo ni vidonge vidogo vya unga wa ngano, mfano wa gololi, vinavyopikwa ndani ya tui la nazi. Unga unakandwa kwa maji ya moto na chembe ya chumvi, unavingirishwa kati ya viganja, kimoja kimoja, na kazi hiyo haitaki haraka. Tui jepesi linachemshwa kwanza pamoja na iliki na sukari guru, vidonge vinatiwa, na vikianza kuelea juu ndipo unapotia tui zito, ukikoroga bila kuachia lisije likakatika. Kwetu vilipikwa mwezi wa Shaabani, na majirani wakapelekeana mabakuli. Mtoto alivipenda kupita kitu chochote. Mama yake alikuwa akimwambia Shaabani iko karibu hata ikiwa imepita jana.

Sukari nyeupe ilikuwa ya kadi, lakini sukari guru ilipatikana kidogo kidogo, na nazi hazikukosekana. Unga wa ngano nyanya aliutoa kwenye kopo alilokuwa ameliweka kwa ajili ya Ramadhani. Akaanza kupika vipopoo kila siku, kibakuli kimoja tu, katikati ya mwezi ambao haukuwa Shaabani.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mcheshi asiyeweza kupita kwenye harufu asiiulizie, alichungulia siku ya tatu.

"Hodi wenyewe! Iliki naisikia mpaka kitandani kwangu. Kwani Shaabani ya nyumba hii haiishi?"

"Imekuja kukaa," nyanya akamjibu. "Wewe wataka bakuli au wataka maneno?"

"Bakuli. Maneno ninayo tele, hata ya kukopesha."

"Basi rudi mwezi wenyewe ukifika. Hivi vina mwenyewe."

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kosa.

Tulikula katika sinia moja ya shaba, mimi na mdogo wangu. Sima ilipakuliwa katikati, mchuzi ukawekwa kibakulini, na kila mmoja akala upande wake, pale palipo mbele ya magoti yake. Kupeleka mkono upande wa mwenzio ni utovu wa adabu. Na kumkodolea macho mtu anayekula, ukimfuata mkono wake kutoka sinia hadi mdomoni, ni utovu mkubwa zaidi. Tulifunzwa kutazama chini. Isitoshe, tulikula baada ya Magharibi, madirisha yamezibwa kwa magunia kwa amri ya serikali ili mwanga usitoke, na utambi wa taa umeshushwa. Nyanya alikuwa bado kwenye msala wake akivuta uradi, akingoja Isha. Sisi tulikuwa peke yetu.

Sharti lake lilikuwa jepesi. Mdogo wangu akimaliza upande wake angepata vipopoo. Nyanya akishamaliza uradi angekuja, angechutama, angepitisha vidole vyake juu ya sinia, kwanza upande wangu, kisha upande wa mdogo wangu. Shaba ikiwa tupu, kawa la kufunikia linafunuliwa na bakuli la vipopoo linatolewa.

Usiku wa kwanza mtoto alijitahidi. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikula tonge la kwanza, la pili akalitia mdomoni, likakaa, machozi yakamtoka bila sauti. Mbele yake sima ilikuwa imebaki karibu yote. Nikasikia nyanya akikunja msala.

"Upesi," nikamnong'oneza.

"Siwezi."

"Vipopoo je?"

"Nataka vipopoo."

Basi nikamsaidia. Nilichota upande wake matonge makubwa mawili, matatu, nikayameza bila kutafuna. Nyanya alipopapasa, shaba ilikuwa imebakia na unyevu tu wa mchuzi. Uso wake ulifunguka. Sijui nikueleze vipi uso ule. Tangu msiba sikuwa nimeuona hivyo. "Alhamdulillahi," alisema, "alhamdulillahi, mwanangu amekula," akamlisha vipopoo kwa mkono wake mwenyewe, kidonge kwa kidonge, mpaka bakuli likaisha.

Nilijiambia ni usiku mmoja. Nilijiambia namlinda asipelekwe Majengo. Hilo lilikuwa kweli, nilimpenda, na tulilala kitanda kimoja. Lakini umri huu wangu haufai kudanganya tena, kwa hiyo nitakwambia na lililobaki. Nilikuwa na njaa. Chakula cha vita kilikuwa kidogo, nyanya alitugawia sawasawa, na mimi nilikuwa msichana anayerefuka. Upande wangu haukunitosha. Ukiongezwa wa mdogo wangu, ulinitosha.

Siku ya nne hakujaribu tena. Alikuwa amefahamu kazi. Aliukata upande wake matonge, akayafinyanga vizuri, akayachovya kwenye mchuzi, akayapanga mbele yangu moja baada ya moja, nami nikala. Tulikuwa twacheka. Alikuwa akiniambia, "Hili la baharia. Hili la bibi harusi," nami naya​meza. Kisha vidole vya nyanya vikapita, kisha vipopoo.

Hivyo mtoto yule aliishi mwezi mzima kwa kibakuli kimoja cha tui na sukari guru, na uji mwepesi wa asubuhi aliouacha nusu.

Nyanya hakuwa mjinga. Alimwogesha na kumpaka mafuta kila Alhamisi, na mikono yake iliona ambacho macho hayakuona. "Mbavu hizi," alisema, "mbona nazihesabu?" Kama sinia isingekuwa safi angejua la kufanya. Lakini sinia ilikuwa safi. Aliishika mwenyewe. Basi akafikiri kama ambavyo mtu yeyote wa mtaa ule angefikiri: mtoto anakula na hanenepi, kuna kinachomla. Ama ni minyoo ama ni jicho la mtu.

Alianza na jicho. Alinituma kwa mwalimu wa madrasa kuomba kombe, nikarudi nalo, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Tuliziosha kwa marashi, mtoto akanywa. Alipoona hapana badiliko akaja kwenye minyoo. Alichemsha mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha, akampa vijiko viwili asubuhi kabla ya uji.

Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Alitapika mara ya kwanza, akapewa tena. Mchana kutwa alikuwa akienda chooni akirudi, miguu yake ikitetemeka, na jioni alilala kwenye mkeka rangi ya majivu. Nyanya alikaa kando yake akimpepea. "Vumilia, mwanangu. Wakitoka utanenepa." Mtoto akanitazama mimi. Nami nilifungua mdomo, nikafikiria uso wa nyanya ukipapasa sinia, nikaufumba.

Siku saba baadaye alipewa tena.

Jirani yetu alimwona kizingitini siku hizo, akaacha mzaha. Akasema na nyanya kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwapo. "Huyu mkubwa yuanawiri, mashallah, mashavu haya. Mdogo je? Mbona wako nyumba moja na hawafanani na watu wa chungu kimoja?"

"Mdogo ana minyoo," nyanya akasema. "Namtibu."

"Tibu upesi basi."

Mwezi uliandama Jumatano. Ijumaa baba yake alikuja, na kipande cha papa mkavu kilichofungwa katika gazeti. Alikaa pale pale ukumbini. Mtoto alimwendea taratibu, akijishika ukutani. Aliponyanyuliwa, niliona jinsi mikono ya yule mtu ilivyopanda juu ghafla, kama unavyonyanyua ndoo ukidhani imejaa kumbe haina kitu.

"Mama," alisema, "huyu anakula?"

"Sinia yake huwa nyeupe, baba. Kila siku naishika kwa mkono wangu." Sauti ya nyanya nyuma ya pazia ilikuwa na fahari na hofu pamoja. "Ni minyoo. Nimekwisha mpa dawa mara mbili. Mwezi mmoja zaidi utamwona."

"Nataka nimwone akila. Unisamehe, mama. Moyo wangu utatulia."

"Hapana la kusamehe. Mletee."

Nikaleta sinia. Sima na mchuzi wa kunde. Nikaiweka mbele ya mtoto, na kwa mazoea nikakaa mahali pangu.

"Wewe mwanangu, kaa kando kidogo," baba akaniambia. "Utakula baadaye. Namtaka huyu."

Nikasogea mpaka ukutani. Mtoto alinawa mkono. Akamega tonge, akalifinyanga, akalichovya, na baba yake akainama mbele kumtazama, maana yeye hakulelewa na adabu zetu za kutazama chini. Mtoto akanyoosha mkono akaliweka tonge upande wangu wa sinia. Akamega la pili, akaliweka kando ya lile. La tatu. La nne. Hakuwa akificha. Alikuwa akila kama nilivyomfunza. Alipofikia la sita alijifuta mkono, akasema, "Nimemaliza. Nipeni vipopoo."

"Hee, leo upesi hivyo!" nyanya alisema nyuma ya pazia, akacheka kidogo. "Waona, baba?"

Yule mtu alikuwa ananitazama mimi. Matonge sita yalikuwa yamepangwa safu pale nilipokuwa nikikaa, na mimi sikuwapo.

"Naona, mama," alisema.

Nilidhani atasema. Yeye alinawa, akayachukua matonge yale akayala mwenyewe, moja moja, mpaka likaisha la sita. Sinia ilipopitishwa chini ya pazia, vidole vya nyanya vilikuta shaba tupu pande zote mbili.

"Umeona kwa macho yako," nyanya alisema.

"Nimeona. Lakini mama, hakurudi mwilini. Tuliahidiana."

"Mwezi mmoja tu, baba."

"Dada yangu anangoja."

Nyanya hakubishana. Aliingia ndani akafunga nguo za mtoto katika ile leso, akazifunga vibaya, akazifungua, akazifunga tena. Vipopoo vya siku ile akavitia kwenye kopo lenye kifuniko. Mimi nilitumwa kuwasindikiza hadi mwisho wa kichochoro. Hapo yule mtu alisimama.

"Ni wewe unayekula?"

"Ndiyo."

"Una njaa?"

Alimhamisha mtoto bega la pili. "Wewe nawe u mtoto. Lakini mwambie nyanya yako. Mimi ni mkwe, neno hilo siwezi kumwambia mama wa mke wangu. Atafikiri namtukana macho yake. Mwambie wewe."

Sikumwambia. Ilipita miezi.

Na katika miezi hiyo watu walisema. Walisema vile watu wanavyosema, kwa huruma, na chumvi kidogo. Mtoto alitoka nyumba ile mifupa mitupu, na mjukuu mwingine mashavu yamejaa. Katika matanga fulani mwanamke mmoja alitaja haki ya yatima, jinsi anayeila anavyojaza moto tumboni mwake, na hakutaja jina. Nyanya alikuwa amekaa safu ya mbele. Alirudi nyumbani akavua buibui, akalikunja, akaniuliza, "Mimi nilimpunja?"

"La, Nyanya."

"Niambie kweli. Sioni vizuri. Labda nilikuwa nagawa vibaya."

"Uligawa sawa."

Hapo ningeweza kusema. Nilikwenda kuteka maji.

Shaabani ilipofika hasa, mabakuli ya vipopoo yalianza kuletwa kutoka nyumba za jirani. Letu halikutoka. Jirani wa mlango wa pili alileta la kwake, limejaa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno ya kukopesha. Nyanya alisikia harufu ya iliki akasema, "Lirudishe, mwanangu. Mwambie Mungu amlipe, lakini sili."

Nililiweka chini, nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu matonge matatu ya usiku wa kwanza, baharia na bibi harusi, na ukumbini. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Na yale mafuta ya mbarika?"

"Hakuwa na minyoo, Nyanya."

Alijishika kifua kama mtu aliyepaliwa. Nilingoja kupigwa, na nakuambia ningefurahi kupigwa. Yeye alisema, "Ungeniambia wewe una njaa. Ningekupa wangu." Basi. Hakurudia tena neno lile, mimi ndiye ninayelirudia mpaka leo.

Asubuhi yake tulikwenda Majengo, nikimshika mkono. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba vingi na wapangaji wengi, kila mtu akitoka na kurudi saa yake, na kwa hiyo kila mtu na bakuli lake. Shangazi wa mtoto alitukaribisha kwa heshima kubwa. Nyanya alisema hata kabla hajakaa. "Nimekuja kuomba radhi. Sikujua."

"Twajua, mama," shangazi akasema. "Kaka alinieleza siku ile ile."

"Na mkaniacha nisemwe?"

Shangazi akainamisha kichwa. "Tungeanzaje, mama?"

Mtoto alikuja akatupa mkono, mimi na nyanya, akasema, "Karibuni," kama anavyowaambia wageni. Alikuwa na mashavu. Ulipofika wakati wa chakula aliwekewa kibakuli cha bati chenye sima ya manjano, ile ile, ya ukubwa wa yai, na shangazi akakaa mbele yake akisuka ukili wa mkeka, akiinua macho kila mara. Hakumsihi. Mtoto alikula nusu yake, akapumzika, akala tena. Kando kulikuwa na viazi vitamu vilivyopikwa kwa nazi, na shangazi alimpa kipande kabla hata hajamaliza.

"Yuatafuna?" nyanya akaniuliza.

"Yuatafuna."

"Yuameza?"

"Yuameza, Nyanya."

Alitikisa kichwa. Sikumsikia akiomba arudishiwe mtoto, wala hakuna aliyemwambia amchukue. Tulipoinuka mtoto aliuliza kama tutalala. Nyanya akasema la, kwetu hakuna mtu. Kweli hakukuwa na mtu. Nyanya alifariki vita havijaisha, na mjukuu wake yule mdogo alikuja matangani na watu wa Majengo, akakaa upande wao.

Nimelea wangu tangu hapo, na wa wanangu, na miongoni mwao hawakukosa wa kufumba mdomo. Nimewapikia vitamu vingi, wala sikukatazi wewe kupika. Pika, maana kitamu kinamfanya mtoto aketi, na akiketi umekwisha maliza nusu ya kazi. Lakini usikifanye kuwa ujira wa chombo kitupu. Sisi tulipoambiwa sinia iwe safi, tulijifunza kusafisha sinia. Na ukimwona mtoto akikonda huku vyombo vikirudi vitupu, kabla ya kwenda kwa mganga uliza vimemalizwa na nani, na umuulize kwa upole hata yule aliyenenepa, kwa kuwa naye ana lake.

Kwa hiyo leo jioni fanya hivi. Mtoe mtoto kwenye sinia, mpakulie chakula kidogo katika bakuli lake peke yake, kisichozidi matonge matatu. Kaa mbele yake mwangaza ukiwapo, mtazame mpaka ameze tonge la kwanza, kisha mpe kitamu chake, na yale mawili yaliyobaki mwache ayale taratibu wewe ukiwa hapo hapo.